Mahesabu ya moshi na barabara ya Kasungami



Kuna hesabu moja inayorudi mara na mara katika TFC na memwari zinazozungumzia hewa ya Lubumbashi. Mwanafunzi anasimama kando ya barabara siku mbili au tatu, anahesabu motokari zinazopita, anakadiria kilometa ambazo kila moja inatembea kwa mwaka. Kiisha anafungua jedwali la Ulaya, anachukua namba ya gramu kwa kilometa, anazidisha. Jibu linatoka: tani kadhaa za monoksidi ya kaboni, tani kadhaa za oksidi za nitrojeni, na tarakimu mbili nyuma ya vilgili ili ionekane ni sayansi kweli. Halafu inakuja sura ya mapendekezo, na pale njo hukumu inatoka: minibasi nzee ziondolewe barabarani.

Ninataka kuikosoa hii hesabu. Haina juu ya kucheka wale wanaoifanya. Ni juu ya ile sentensi ya mwisho. Mama wa Kasungami, huko commune Annexe, mwenye kuamka saa kumi na moja ya asubuhi ili afike sokoni katikati ya muji, hana motokari ingine ya kumbeba kwa bei ile isipokuwa ile minibasi tunayoihukumu. Kama tunataka kumwondolea, basi angalau ile namba tunayomwonyesha iwe ya barabara yake. Na mara nyingi haiko ya barabara yake hata kidogo.

Tuanze na ile gramu. Inatoka wapi? Inatoka katika maabara. Gari inapandishwa juu ya mitungi inayozunguka, magurudumu yanatembea lakini gari haiendi popote. Mbele ya shofere kuna ekrani yenye mstari, naye anaufuata: sasa 15, sasa simama, sasa 32, sasa 50. Ule mstari njo wanaita mzunguko wa mwendo. Mashini inakusanya moshi wote wa safari ile ya uongo, wanaupima, wanaugawanya kwa kilometa. Mzunguko wa zamani wa Ulaya, NEDC, ulidumu sekunde 1.180 na kufanya kilometa 11 hivi. Sehemu yake ya mjini, ambayo ilianza kutumika 1970, inaomba gari itoke sifuri mpaka 50 kwa saa ndani ya sekunde 26. Sekunde 26! Mwambie shofere wa taxi-bus aondoke areti vile, atakuuliza kama munasindikiza maiti.

Wamarekani hawakuazima mwendo wa Paris. Walipochoka na moshi wa Los Angeles, walichukua mwendo katika barabara za Los Angeles yenyewe, na toka pale njo ulizaliwa mzunguko wao, ule ambao bado unatumika katika vipimo vyao. Hilo ni jambo dogo ambalo vitabu vinapita mbio juu yake, lakini kwangu njo kiini cha mambo yote: kila jedwali la gramu lina barabara ya watu fulani ndani yake. Unapolinakili, unanakili na zile barabara, feu zao, gudroni lao, namna polisi yao inasimamisha watu.

Na hata huko kwao mzunguko uliwadanganya. Mwaka wa 2013 kikundi cha watafiti wa chuo kikuu cha West Virginia, wengine wakiwa bado wanafunzi, kilifunga vipimo nyuma ya Volkswagen mbili za mazutu, kikatoka nazo nje ya maabara. Moja, Passat, waliipeleka toka Los Angeles mpaka Seattle na kurudi. Barabarani ile gari ilitoa oksidi za nitrojeni mara nyingi zaidi kuliko kwenye mitungi. Tarehe 18 Septemba 2015, serikali ya Marekani ilitangaza sababu: programu ndani ya gari ilikuwa inatambua kwamba iko katika kipimo, na inajisafisha paka wakati ule. Magari karibu milioni 11 duniani yalikuwa na programu ile. Kama mwendo unajulikana mbele, mashini inaweza kuukariri sawa vile mwanafunzi anakariri maswali ya mwaka uliopita.

Sasa, wengine kati yetu wanajua haya na wanakimbilia COPERT, programu ya Ulaya ambayo haichukui mzunguko mmoja bali kasi ya wastani. Unaiambia: minibasi inatembea kilometa 15 kwa saa, nayo inakupa gramu. Ni afadhali. Lakini fikiria minibasi mbili zinazofanya kilometa 5 kwa dakika 20. Ya kwanza iko nyuma ya lori ya mizigo, inatambaa 15 kwa saa mwanzo mpaka mwisho. Ya pili inasimama mara kumi kupakia na kushusha bantu, na kila mara inaondoka kwa nguvu mpaka 45 ili mwenzake asimpite na kumnyang'anya wateja wa areti ya mbele. Wastani ni ule ule, 15. COPERT inawapa gramu ile ile. Lakini muulize shofere ni gari gani inamaliza esansi mbele ya nyingine, hatahitaji programu kukujibu. Kwa haki niseme: ile gramu ya COPERT kwa 15 haikutokea hewani, ndani yake kuna kusimama na kuondoka pia. Tatizo ni kwamba ni kusimama kwa feu nyekundu za Ulaya. Hakuna kwa reseveri anayepiga mkono kwenye bodi, wala kwa mashimo.

Njia ninayoiheshimu zaidi ni ile inayotazama mwendo sekunde kwa sekunde. Mwaka wa 1999, katika tezi yake ya MIT, José Luis Jiménez alipendekeza tuache kuuliza gari inatembea mbio gani, tuulize motere inafanya kazi kiasi gani kwa kila tani ya gari. Kipimo kile kinaitwa VSP, na mstari wake ni mfupi, uko hivi kwa gari ndogo:

VSP = v × (1,1a + 9,81 × mteremko + 0,132) + 0,000302 × v³

Herufi v ni kasi kwa meta kwa sekunde, a ni namna kasi inavyoongezeka, na jibu ni kilowati kwa tani. Kila kipande kina maana. 1,1a ni nguvu ya kuondoka. 9,81 mara mteremko ni kupanda mlima. 0,132 ni gurudumu linavyosuguana na barabara. Kile cha mwisho ni upepo. Uzuri wake ni kwamba mwanafunzi yeyote mwenye telefone inayoandika GPS kila sekunde anaweza kuupata mwendo wa gari yake mwenyewe, bila kuomba maabara mtu yeyote.

Na kwa Afrika ya Mashariki hii si ndoto. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Nairobi ilikuwa kati ya miji ya kwanza kabisa kupimwa kwa modeli ya IVE, ambayo imejengwa juu ya VSP. Watafiti toka California walichagua mitaa ya wenye mali, mitaa ya maskini na mitaa ya biashara, na katika kila upande barabara kubwa, za kati na za ndani. Waliweka GPS katika motokari, walipiga video barabarani ili wajue ni gari za aina gani zinapita, walifunga na kifaa cha kuandika ni mara ngapi gari inawashwa kwa siku. Kile cha mwisho nakipenda sana. Motere baridi inatoa moshi mingi kuliko motere ya moto, na matatu inayozunguka toka asubuhi inawashwa mara chache, wakati gari ya bosi inawashwa nyumbani, ofisini, restora, ofisini tena, nyumbani. Jedwali la gramu kwa kilometa halikuonyeshi kitu kile.

IVE inagawanya sekunde zote za safari katika masanduku 60: hatua 20 za VSP, mara ngazi 3 za uchovu wa motere, juu ya motere inakumbuka kazi iliyofanya sekunde chache za nyuma. Kila sanduku lina kiwango chake cha moshi. Kwa hiyo minibasi zangu mbili za pale juu zinaachana kabisa. Ni kazi nzuri. Anayeanza memwari leo aisome ile ya Nairobi mbele ya kugusa COPERT.

Lakini nilisema nataka kukosoa, na hata VSP ina barabara ya watu wengine ndani yake. Iko pale, inakuangalia: 0,132.

Ile namba ni 9,81 mara 0,0135, na 0,0135 ni msuguano wa gurudumu juu ya gudroni zuri. Vitabu vya ufundi wa magari vinatoa karibu 0,05 kwa barabara ya udongo isiyotengenezwa. Tufanye hesabu pamoja. Gari inatembea 20 kwa saa, ni meta 5,56 kwa sekunde, barabara ni tambarare, kasi haiongezeki. Juu ya gudroni VSP inatoka karibu 0,8. Juu ya udongo, 0,132 inakuwa 0,49, na VSP inatoka karibu 2,8. Mara tatu na nusu! Na gari haikubadilika, shofere hakubadilika, mwendo katika telefone ni ule ule. Inatosha kuihamisha sekunde ile toka sanduku moja kwenda lingine. Mwanafunzi anayechukua GPS katika njia za vumbi za Kasungami, halafu anaacha 0,132 sawa vile alivyoikuta katika kitabu, amepima Kasungami kwa nusu tu. Nusu ingine bado ni California.

Tusipitishe kipimo hata hivyo. Weka gari ile ile ikiwa inaondoka areti, inaongeza meta 1 kwa sekunde kila sekunde: kipande cha 1,1a peke yake kinaleta 6,1. Jumla ni 6,9 kwa gudroni na 8,9 kwa udongo. Kumbe kuondoka kunakula kuliko udongo. Na hapa barabara mbaya inarudi kwa mlango wa nyuma: shimo linamlazimisha shofere kupiga freni, na kila freni ina kuondoka kwake. Kwa hiyo barabara inalipisha mara mbili, chini ya gurudumu na katika mwendo wenyewe. Ile ya pili GPS inaiona. Ile ya kwanza haiioni, ni weye wa kuiandika.

Jambo la pili ni mzigo. VSP ni kwa kila tani, na watu wanasahau kuuliza tani ngapi. Chukua minibasi ya tani 1,7 ikiwa tupu. Ijaze bantu 20 wa kilo 60: imekuwa tani 2,9, na sijahesabu mifuko ya unga na makala juu. Motere inafanya kazi mara 1,7 kwa VSP ile ile. Viwango vya ndani ya yale masanduku vilitoka zaidi katika vipimo vya magari ya Marekani, na huko gari ndogo inabeba mtu mmoja au wawili. Kwa hiyo kuhesabu abiria si kazi ya mwanafunzi wa sosholojia. Ni sehemu ya hesabu ya moshi.

Kuna na ile tabia ya kushuka mlima bila vitesi ili kuchunga esansi. Kwa gari mpya ya enjeksio, ukishuka ukiwa ndani ya vitesi kompyuta inakata esansi kabisa. Kwa motere nzee ya karburateri, kushuka bila vitesi ni motere inayozunguka na kunywa kidogo kidogo. Telefone inaandika mwendo ule ule katika hali zote mbili. Hali ya motere pia mwendo hausemi: mwaka wa 2020 wakaguzi wa Uholanzi walichunguza magari yaliyotumika yaliyokuwa yanapelekwa Afrika, wakakuta mengi ni ya zamani na katika mengine katalizeri imekwisha kutolewa. Na muji wetu uko juu, karibu meta 1.200, hewa ni nyepesi. Karburateri iliyopangwa kwa pwani inatia esansi kupita hewa inayopata, na monoksidi ya kaboni inaongezeka. Haya yote yanaweza kusahihishwa katika modeli, lakini lazima mtu aende kufungua kapoti, aulize, aandike.

Sasa nije kwa ile hukumu, juu ya kwangu kosa kubwa halimo hata katika VSP. Limo katika neno «kwa kilometa». Tuseme, kwa mfano tu, minibasi nzee inatoa mara tatu ya moshi wa jipu mpya kwa kilometa moja. Jedwali litaiweka minibasi juu kabisa ya orodha ya wachafuzi, na jipu chini. Lakini minibasi ina bantu 20 ndani na jipu ina mmoja, anaongea na telefone. Gawanya: kwa kila mutu anayefika, jipu inachafua karibu mara saba kuliko minibasi. Hakuna chochote kilichobadilika katika hewa, tumebadilisha paka kigawanyo, na mshtakiwa amebadilika. Memwari inayotoa pendekezo juu ya usafiri wa watu bila kugawanya kwa watu, mimi ningeirudisha kwa mwandishi, hata kama sekunde zake zote ziko sawa.

Wengine watasema: ndugu, mwanafunzi hana GPS nzuri, hana wakati, muache. Sawa. Kama unachotafuta ni kaboni dioksidi tu, huhitaji mwendo hata kidogo. Lita moja ya esansi ikiungua inatoa karibu kilo 2,3, lita ya mazutu karibu 2,7. Muulize shofere lita anazoweka kwa siku na safari anazofanya. Yeye anajua, juu ya kila jioni analipa versement kwa mwenye gari na esansi njo inamlia faida. Aderiana Mbandi na wenzake walifanya Nairobi kitu cha namna hii, wakatoa makala yao mwaka wa 2019: waliwauliza wenye kuendesha, toka matatu mpaka pikipiki, kuhusu mafuta na kilometa zao, badala ya kuazima namba. Ni njia ya unyenyekevu na ina nguvu yake. Hapa kwetu kuna tatizo la esansi ya ba-Kadhafi, ile ya bidoni, ambayo lita yake haiko kila mara lita. Lakini kosa lile unaweza kulipima kwa chupa. Kosa la mzunguko wa Ulaya utalipima na nini?

Kwa monoksidi ya kaboni, oksidi za nitrojeni na chembe za moshi, lita hazitoshi. Pale mwendo unahitajika kweli. Na pale tena mtu wa Kasungami ana haki ya kuuliza swali moja: vumbi? Wakati wa kiangazi kitu kinachoingia katika nyumba na katika sahani ni vumbi la barabara linaloinuliwa na magurudumu. Hakuna kati ya modeli hizi za bomba la nyuma inayolihesabu, kwa sababu halitoki kwenye bomba. Gari mpya kabisa, yenye katalizeri safi, inaliinua sawa na nzee, na ikipita mbio inaliinua zaidi. Tukiondoa minibasi na kuleta jipu tano kubeba wale wale, bomba litapendeza katika jedwali na mama ataendelea kufunika sufuria. Kumwaga gudroni, au hata kuchonga barabara vizuri, kunashusha 0,49 kuelekea 0,132, kunapunguza freni na kuondoka, kunalaza vumbi. Ni ajabu kwamba pendekezo lile linakosa katika memwari za moshi, wakati liko ndani ya formula yenyewe kwa mwenye kuisoma.

Kwa atakayetaka kuifanya kazi hii katika mstari wa Kasungami, mambo machache toka kwa mtu mwenye kupenda formula kuliko anavyopenda kuandika. Panda gari kama abiria wa kawaida na uiweke telefone pahali haitaruka ruka. Andika sekunde kwa sekunde, mwendo wa kwenda na wa kurudi, saa za asubuhi na saa za mchana, juu ya saa sita gari inangojea bantu na asubuhi bantu wanangojea gari. Usiamini urefu wa mahali unaotolewa na GPS ya telefone: unakosea meta nyingi, na mteremko wako utakuwa wa mlima ambao haupo, chukua urefu katika karte. Andika gudroni linaanzia wapi na kuishia wapi, ili 0,132 iwe mahali pake na 0,49 mahali pake. Hesabu abiria kila areti. Andika na dakika ambazo gari imesimama motere ikiwaka, na sababu: betri mbaya, ambuteyaji, polisi ya rulaji, reseveri anaita.

Na usichukue mwendo wa mwezi wa nane ukauita mwendo wa mwaka. Mvua ikikolea, mwezi wa kwanza na wa pili, udongo ule ule unakuwa matope, msuguano unapita hata ile 0,05, gari zinazunguka dimbwi kwa vitesi ya kwanza na njia ingine zinaiacha kabisa. Safari zako zote utalazimika kuzirudilia, na vumbi utalifuta katika maswali yako mpaka mwezi wa tano.